Kabla Hujashusha Injini, Sikiliza Kelele Inafuata Nini

Waendesha bodaboda wa Musoma, Bunda na Butiama wananiuliza jambo moja kila mara: pikipiki imetembea sana, imeanza kutoa kelele huko chini, fundi amesema giaboksi imekwisha, je, nishushe injini? Anayeuliza huwa ameshatajiwa bei. Mara nyingi pikipiki yenyewe bado ni ya mkataba, na kila siku inayolala kwa fundi ni hesabu ya bosi inayodaiwa.

Nami huwa namrudishia swali. Kelele inafuata nini? Inafuata mzunguko wa injini, inafuata mwendo wa tairi, au inafuata gia uliyoweka? Asiyeweza kujibu hilo, awe dereva au fundi, bado hajafika mahali pa kushika spana. Pikipiki nyingi zinazoletwa kwa jina la giaboksi zinaondoka na cheni mpya, beringi za tairi, au bolti moja ya kava iliyokazwa.

Ninayoandika hapa yanahusu pikipiki za kazi tunazoziona Bweri, Nyasho, Makutano na stendi ya Bunda: Boxer, TVS, na hizi za Kichina za sisi 125 na 150. Zote zinatumia cheni, klachi inayoogelea kwenye oili, na oili moja kwa injini na giaboksi. Hilo la oili moja likumbuke, tutalirudia.

Mita isikudanganye

Usiseme "ina kilometa 40,000 tu". Waya wa spidomita ukikatika, mita inasimama na pikipiki inaendelea na kazi. Mita yenye tarakimu 5 ikipita 99,999 inarudi sifuri na kuanza upya kana kwamba imetoka dukani. Bodaboda ya kilometa 100 kwa siku inakula 3,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya 30,000 kwa mwaka. Piga hesabu ya miaka, halafu angalia raba za vikanyagio na mkono wa gia zilivyolika. Hizo hazirudi sifuri.

Kelele ambazo si ugonjwa

Kuna watu wameshusha injini kwa sababu ya haya:

- "Klak" moja unapoingiza gia ya kwanza asubuhi. Pleti za klachi zimelala zimeshikana kwa oili ya baridi. Ikiwa inatokea mara ya kwanza tu, achana nayo.
- Mluzi mwembamba wa gia unaopanda na kushuka na mwendo, uliokuwepo tangu siku ya kwanza.
- Tik-tik nyepesi ya valvu injini ikiwa ya baridi.
- Tin-tin ya chuma baada ya kuzima. Ni bomba la moshi linapoa.

Kinachotakiwa kukushtua ni mabadiliko: kelele mpya, kelele inayoongezeka wiki hadi wiki, kelele inayokuja na mtikisiko kwenye unyayo au makalio, au kelele inayofuatana na gia kuchomoka.

Majaribio matano bila spana

Chagua asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Usibebe abiria wala mzigo. Tafuta lami iliyonyooka na yenye magari machache; barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari si mahali pa kujaribia, mabasi hayakusubiri. Mwite mwenzako asikilize kutoka pembeni, maana anayeendesha akiwa na helmeti husikia nusu.

1. Nutro, stendi ya kati, injini inaunguruma. Iache ipate moto kidogo. Sikiliza, kisha kamata klachi taratibu hadi mwisho. Kelele ikipotea ulipokamata, shaka iende kwenye beringi ya shafti ya kwanza ya giaboksi au kwenye nyumba inayoshika pleti za klachi. Kelele ikianza ulipokamata, tazama beringi ndogo ya kuachilia klachi na fimbo inayoisukuma.

2. Bado nutro, piga resi kidogo kidogo. Kelele ikipanda na resi na pikipiki imesimama palepale, cheni kubwa na tairi hazihusiki kabisa. Hiyo ni ya injini, klachi, au shafti ya kwanza ya giaboksi.

3. Zima injini, zungusha tairi la nyuma kwa mkono ikiwa nutro. Sikiliza mkwaruzo, mlio wa "krr", au kitu kinachogonga mara moja kwa kila mzunguko. Vidole vikae kwenye tairi, mbali na cheni.

4. Barabarani, mwendo kama wa 40, kamata klachi na uachie resi. Usizime injini. Kelele ikiendelea vilevile, inatoka kwenye tairi, breki, hab au cheni. Ikipotea ghafla, ni ya upande wa injini, au ni ya kitu kinacholalamika kikibeba mzigo tu. Hapa watu hukosea: ukikamata klachi, gia za ndani bado zinazungushwa na tairi, ila hazibebi mzigo. Kwa hiyo jaribio hili peke yake haliisafishi giaboksi.

5. Mwendo uleule, gia tofauti. Nenda kama 30 kwa gia ya pili, kisha kwa gia ya tatu. Kelele ikiwepo kwenye gia moja tu, umeipata giaboksi, na hata gia yenyewe umeijua. Ikiwepo kwenye zote kwa mwendo uleule, rudi kwenye tairi na cheni.

Jaribio la tano lina nyongeza yake. Ukiwa kwenye gia, ongeza resi kisha achia, ongeza kisha achia. "Kok" inayokuja kila unapobadilisha ni pleyi mahali fulani: cheni iliyolegea, raba za hab, au meno ya sproketi ya mbele yanayocheza kwenye shafti.

Andika majibu kwenye simu. Fundi ukimwambia "inanguruma kuanzia 40, nikikamata klachi haipotei, gia zote sawa", umempunguzia nusu siku ya kubahatisha, na umemwonyesha kwamba haongei na mtu asiyejua.

Anzia kwenye kava la cheni

Najua linaonekana dogo mno. Lakini Boxer na wenzake wengi wana kava linalofunika cheni yote, limeshikwa na bolti chache, na bolti hizo zinakatika au zinadondoka kwenye moramu. Kava likilegea linagusa cheni na kutoa "krrr-krrr" ya chuma inayofanana na gia zilizosagika, tena inabadilika na mwendo, kwa hiyo dereva anaapa ni giaboksi.

Nimeona moja ikiwa imeshalazwa pale Nyasura, spana imefika kwenye bolti za injini. Ndani ya kava kulikuwa na mstari unaong'aa kama rula, mahali cheni ilipokuwa inakwangua, na kokoto imebanwa kwenye kona ya chini.

Fanya hivi:

- Shika kava mbele na nyuma, litikise. Lisicheze.
- Lifungue, tazama kwa ndani alama za kukwanguliwa.
- Safisha kifuniko cha sproketi ya mbele. Udongo mweusi wa mbuga za Bunda ukichanganyika na grisi unakauka humo na kuwa tofali, na cheni inapita ikilisaga.
- Zunguka kidogo bila kava ukiwa peke yako. Kelele ikiisha, umepona kwa bei ya bolti.

Usibebe abiria kava likiwa limetolewa, hata kwa safari ya dakika mbili. Kanga au kitenge kikiingia kwenye cheni kinamvuta mtu chini.

Cheni na sproketi

Hapa ndipo penye kelele nyingi kuliko kwingine kote, na ndipo panapodharauliwa.

*Kupima ulegevu.* Pikipiki ikiwa nutro, sukuma cheni ya chini juu na chini katikati ya sproketi mbili. Kwa pikipiki nyingi za hapa nafasi hiyo iwe kati ya milimita 20 na 30. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha tairi robo, pima tena, mpaka mzunguko mzima uishe. Ukikuta mahali pamekaza na mahali pamelegea, cheni imevutika vibaya, na hakuna kukaza kutakakoiponya.

*Kupima uzee.* Tazama pembeni mwa pingili. Cheni nyingi za bodaboda zimegongwa 428. Namba hiyo ndiyo inayokwambia umbali kati ya pini na pini. Kwa hiyo, vuta cheni iwe imenyooka, hesabu pini 21 (nafasi 20 kati yake), pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259, nunua nyingine. Tepu ya fundi cherehani inatosha ikiwa haijavutika.

*Kutazama meno.* Meno ya sproketi mazima yana pande mbili zinazolingana. Yaliyokwisha yamechongoka na kulala upande mmoja mfano wa pezi la papa. Tazama na ile ndogo ya mbele, maana inazunguka mara nyingi zaidi na inakufa kwanza, lakini kwa kuwa imefichwa hakuna anayeiuliza.

Makosa ninayoyaona kila wiki:

- Kubadilisha cheni peke yake. Cheni mpya juu ya meno ya zamani inalika haraka na inapiga kelele tangu siku ya kwanza. Nunua seti nzima.
- Kukata pingili. Cheni iliyofika mwisho inafupishwa ili irudi kukazwa. Umbali kati ya pini haukurudi, kwa hiyo inapanda juu ya meno na kushuka kwa "tak". Siku moja inaruka.
- Klipu ya kiungio kuvaliwa kinyume. Upande uliofungwa, wa mviringo, uelekee kule cheni inakokwenda. Ukiuweka kinyume, kitu kikiigusa inachomoka, na cheni ikikatika mwendoni inaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele, ikapasua kava la injini au kufunga tairi.
- Kukaza kupita kiasi. Hili ndilo linalozaa ugonjwa wa kweli wa giaboksi. Pikipiki tupu ikiwa na cheni iliyokaza kama waya, ukipakia abiria wawili au gunia la dagaa, tairi la nyuma linapanda na cheni inazidi kukaza. Mzigo wote unaishia kwenye beringi ya shafti inayobeba sproketi ya mbele. Ukiona oili inavuja nyuma ya sproketi hiyo, cheni imekuwa ikiivuta kwa muda mrefu. Ukimaliza kukaza, mwambie mtu akae kitini, kisha pima tena. Lazima ubaki ulegevu.

*Kusafisha na kupaka.* Mafuta ya taa na brashi, futa kwa kitambaa, acha ikauke, paka oili mpya ya giaboksi za magari kwa ndani ya cheni, kisha futa iliyozidi. Injini iwe imezimwa, muda wote. Kuna madereva walioacha kidole kwenye sproketi kwa kupaka oili huku tairi linazungushwa na injini. Ni mtindo wa kijiweni ambao ningeupiga marufuku kama ningekuwa na cheo.

Utaniambia: "Lakini sisi wote tunapaka oili chafu, na zinatembea." Zinatembea, kweli, na oili chafu inashinda ukavu. Ila imebeba unga wa chuma uliotoka kwenye injini, na juu yake vumbi la barabara ya Butiama linanata. Unapaka msasa laini kila jioni. Chupa moja ya oili mpya inapaka cheni muda mrefu.

Tairi la nyuma: beringi na raba za hab

Mngurumo mzito unaoanza kwenye mwendo fulani, unaoongezeka kadiri unavyokwenda kasi, na usiojali gia wala klachi, karibu kila mara ni beringi ya tairi. Weka stendi ya kati, shika tairi mbele na nyuma, lisukume kushoto na kulia. Likicheza na kugonga, beringi imekwisha. Usisahau beringi iliyo ndani ya kibebeo cha sproketi. Kibebeo hicho kina beringi yake peke yake, na mafundi wengi wanabadilisha mbili za hab na kuiacha ya tatu ikiendelea kulia.

Wanaobeba sangara kutoka Mwigobero wasikie hili: maji ya barafu yanayochuruzika kutoka kwenye tenga yanaangukia hab na cheni kila siku. Si maji ya chumvi, lakini yanaosha grisi na kuleta kutu. Beringi zenu zinakufa mapema kuliko za anayebeba abiria mjini. Karatasi ya nailoni chini ya tenga ingesaidia, lakini sijui nimelisema hilo mara ngapi.

Beringi mpya ikifungwa na kufa baada ya wiki chache, uliza maswali mawili:

- Bomba dogo linalokaa katikati ya beringi mbili lilirudishwa? Likisahaulika, ukikaza ekseli unabana beringi kutoka ndani.
- Fundi alipigia wapi nyundo? Beringi inapoingizwa kwenye hab inasukumwa kwa pete ya nje. Akigonga ya ndani, ameiua kabla haijatembea.

Raba za hab zinapunguza mshtuko kati ya sproketi na tairi. Kamata tairi lisizunguke, kisha sukasuka sproketi ya nyuma mbele na nyuma. Mchezo mdogo si tatizo. Ikienda "kok-kok", raba zimesagika. Kujaza vipande vya tyubu kutakufikisha nyumbani kutoka Kiabakari, sikatai. Lakini unene wake haulingani, sproketi inakaa upande, na cheni inalika kwa ajili ya kuokoa pesa ndogo.

Klachi inaposingizia giaboksi

Gia inaingia kwa kishindo kila mara, hata injini ikiwa ya moto? Nutro haipatikani ukiwa umesimama? Kwanza pima pleyi ya mkono wa klachi. Kwa pikipiki nyingi ncha ya mkono icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kukaza. Ikiwa kubwa mno, klachi haiachii vizuri na gia zinagongana. Ikiwa hakuna kabisa, klachi inateleza na kuungua.

Angalia na resi ya kusimama. Kuna vijana wanaipandisha ili injini isizime na taa iwake vizuri, kisha wanashangaa gia ya kwanza kuingia kama nyundo.

Sasa, giaboksi yenyewe

Ukiwa umepita kote huko na kelele ipo, haya ndiyo yanayoielekeza ndani:

- Inalia kwenye gia moja tu, siku zote ileile.
- Gia inachomoka yenyewe ukiachia resi au ukipanda kilima. Kabla ya kulaumu ndani, tazama kama mkono wa gia umepinda na unagusa kikanyagio au kava, au meno yake kwenye shafti yamelika. Pikipiki iliyowahi kuanguka upande huo ndiyo huwa hivyo.
- Mngurumo uliopo kwenye gia zote, unaozidi ukibeba mzigo, na tairi na cheni ulishavipima.
- Sproketi ya mbele, ukiishika na kuisukuma juu na chini cheni ikiwa imetolewa, inacheza.

Kisha iulize oili. Imwage injini ikiwa ya moto kiasi, ndani ya beseni safi lenye rangi nyeupe, upande wa jua. Pitisha sumaku ya spika mbovu ikiwa imefungwa kwenye nailoni, halafu ifunue nailoni hiyo taratibu.

- *Uji laini wa kijivu usio na chembe mkononi:* ni uzee wa kawaida wa injini iliyotembea.
- *Vipande unavyovihisi kwa ukucha, vinavyonata kwenye sumaku:* chuma cha gia au beringi. Acha kazi leo.
- *Vinavyong'aa vyeupe na visivyoshikwa na sumaku:* aluminiamu, pengine kava au nyumba ya klachi inakwanguliwa.
- *Unga mweusi wenye harufu ya kuungua:* pleti za klachi.

Ukipata vipande, usimalizie "wiki hii tu". Beringi ikivunjika ndani inaweza kufunga gia, tairi la nyuma likasimama ghafla, na wewe una abiria nyuma.

Yanayoua gia kwa wingi ni tabia: kukanyaga mkono wa gia muda wote kama pa kupumzishia mguu, kubadilisha gia bila kukamata klachi, na kupiga gia ya chini ukiwa kasi ili kusaidia breki iliyokwisha.

Kelele ya juu si ya chini

Mcheketo upande wa silinda unaosikika zaidi unapoachia resi, kwenye Boxer na TVS, mara nyingi ni cheni ya taimingi au tenshena yake. Tik-tik ya kasi isiyoisha hata injini ikipata moto ni tapeti. Hizo zinapimwa kwa fila geji injini ikiwa ya baridi, wala hazikazwi kwa kusikiliza. Na tapeti isiyolia hata kidogo baada ya fundi kuikaza inanitia wasiwasi kuliko inayolia, kwa sababu valvu isiyofunga inaungua.

Jihadhari na jambo moja. Pikipiki nyingi za Kichina zina injini ya mtindo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa imekusudiwa nchi kama zetu. Injini ile inasukuma valvu kwa fimbo. Haina cheni ya taimingi. Ukitajiwa bei ya cheni ya taimingi kwa injini ya namna hiyo, nenda duka la spea kwanza uulize kama kitu hicho kipo.

Kutofautisha juu na chini, tumia bisibisi ndefu. Ncha iguse kava la injini, mpini uguse mfupa wa mbele ya sikio. Sogeza kutoka silinda, kava la klachi, hadi karibu na sproketi ya mbele. Mahali pa tatizo panasema kwa sauti. Usiisogeze kwenye cheni wala kitu chochote kinachozunguka.

Oili

Nilisema oili ni moja kwa injini, klachi na gia. Kwa hiyo oili ya gari iliyobaki kwa jirani si ya kuwekwa humu. Tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA au MA2. JASO MB inateleza zaidi, imekusudiwa skuta zenye klachi kavu, na itaifanya klachi yako iteleze. Uzito, mfano 20W-50, soma kwenye kitabu.

"Fundi ameniwekea oili nzito na kelele imepungua." Imepungua kusikika. Beringi iliyochubuka haijajaa tena, na oili nzito mno inachelewa kufika juu asubuhi. Ndivyo wanavyofanya wanaotaka kuuza. Ukienda kununua pikipiki iliyotumika, omba kuisikia ikiwa ya moto baada ya kuzunguka nayo, usiridhike na dakika moja ya asubuhi.

Ukiamua kushusha

Kama ushahidi umekupeleka huko, basi shusha, lakini kwa masharti:

1. Kaa karibu, au mtume mtu unayemwamini. Mwenye pikipiki ya mkataba ampigie bosi kabla ya bolti ya kwanza, picha na video za kelele zikiwa tayari. Ugomvi mwingi kati ya dereva na bosi unaanzia kwenye matengenezo yaliyofanywa kimya.
2. Vitu vya ndani vipangwe kwa mpangilio kwenye ubao safi, si kwenye mchanga. Piga picha kila hatua.
3. Beringi zikiwa nje, zungusha kila moja kwa vidole karibu na sikio. Kwa kuwa injini imeshafunguka, badilisha na sili za oili. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kushusha mara ya pili.
4. Gia mbili zinazosagana zibadilishwe pamoja. Uma zinazosukuma gia zitazamwe zisiwe zimepinda au kulika upande.
5. Peleka spea ya zamani dukani kama sampuli, iwe unanunua Musoma, Mwanza au iliyoingia kupitia Sirari. Linganisha meno, upana na namba ya beringi. Kopo zuri halithibitishi kilichomo.
6. Dai vitu vyote vilivyotolewa. Fundi mwaminifu hatakasirika.
7. Baada ya kufunga, endesha bila mzigo siku ya kwanza, mwaga oili mapema kuliko kawaida, ipitishie sumaku tena, kisha rudia majaribio matano palepale ulipoyafanyia mwanzo, kwa mwendo uleule.